Funza Wangu na Mahindi ya Baba Mkwe

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliwaacha mahali pazuri, na wale wanaonifahamu najua walishaanza kupata wasiwasi. Mimi na mahali pazuri hatukai pamoja muda mrefu.

Kwa anayenikuta leo, jina langu ni Nesta, Mama Goodness. Nilikuwa mama lishe Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Zambia. Mume wangu Gasper alipanda lori moja kama tandiboi, msaidizi wa dereva, akasema anafika Kapiri huko Zambia na kurudi. Huu ni mwaka wa pili. Kibanda changu kikavunjwa kupisha barabara, nikamchukua mwanangu nikarudi ukweni, kijiji cha mlimani juu ya Itumba, kwa watu ambao kijana wao aliyenioa hayupo.

Nikaanza kufuga funza. Msikunje pua. Rafiki yangu Witness, mfugaji wa kuku wa Tunduma, ndiye aliyenifundisha. Unakusanya makombo ya hotelini, maganda ya ndizi, maparachichi yaliyooza, unawapa funza wa inzi weusi. Baada ya wiki mbili funza wamejaa kama kidole, unawapa kuku, na kuku wananenepa kuliko wa chakula cha dukani. Wachache unawaacha wageuke inzi, watage, mbegu isiishe.

Mara ya kwanza nilijenga kizimba cha inzi kwa chandarua nilichopewa kliniki. Chandarua kile kina dawa ya wadudu. Inzi wangu walikufa wote kabla ya kutaga yai moja. Hiyo niliisimulia sehemu ya tano, na hadi leo kuna msomaji wa Vwawa ananipigia simu kunicheka.

Shemeji yangu Ombeni hakucheka. Alikuwa anakitaka kile kibanda cha zamani cha kahawa nilichowekea funza, afungue duka la vipuri vya pikipiki. Akasema ukoo wao haujawahi kufuga uchafu. Baba mkwe wangu, Mzee Enoka, ndiye aliyekata shauri: "Mwacheni hadi mavuno. Kuku wangu wakinenepa, kibanda ni chake, na hapa ni kwake yeye na mtoto, Gasper arudi asirudi. Wasiponenepa, mtaamua ninyi."

Tulifika Machi. Kuku walikuwa wamenenepa hadi majirani wanasimama uani kuwaangalia. Hapo ndipo niliishia.

Sasa lipo jambo moja nililoliruka wiki zote kwa aibu, na bila hilo hamtaelewa lililonipata.

Katika ukoo ule mkamwana haongei na baba mkwe. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, hamwiti. Koo nyingi za kwetu zimeyaacha haya, ule haujaacha. Kwa miaka tisa sikuwahi kulisikia jina langu mdomoni mwa Mzee Enoka. Akiwa na neno, analipitisha kwa mama mkwe. Nami nikiwa na neno, hivyo hivyo.

Tukikutana njiani, natoka njiani, najifunika kanga, nageuka nyuma, anapita. Na akija mahali nilipo bila kujua, nakohoa. Nikikohoa tu, anageuza njia. Yeye hata kama ameniona hujifanya hajaniona mpaka nikohoe, maana kwa mwanamume ndiyo heshima yenyewe. Kikohozi ni cha mwanamke.

Ninyi wa mjini mtaona ushamba. Mimi nasema yule mzee alinitunza bila kunitazama, na wapo walionitazama kila siku wasinitunze.

Basi, Jumanne asubuhi mama mkwe aliondoka na kwaya kwenda Isongole. Ombeni alikuwa Itumba mjini na pikipiki yake. Nilibaki mimi na mke wake Marta, na Marta alikuwa jikoni kwake anachambua maharage.

Nilikuwa kwenye migomba, hatua kama kumi kutoka kibandani, nazoa maganda. Nikasikia nyayo. Ni mzee, amebeba beseni kichwani.

Nilipaswa kukohoa palepale. Lakini kanga yangu ya kichwani nilikuwa nimeitandika chini, nimeijaza maganda. Kichwa wazi. Nikasema ngoja kwanza nikung'ute hii kanga, nijifunike, ndipo nikohoe kama mtu mwenye adabu.

Nilipoinua macho, mzee alikuwa amevua shati.

Amelitundika mlangoni, kifua wazi, anainamia madumu yangu ya funza, yale ya plastiki niliyoyapasua ubavuni. Alijua yuko peke yake. Mkamwana kumwona baba mkwe kifua wazi, kwa watu wale, ni jambo linaloitisha kikao na kuku mweupe wa kutakasa. Nikikohoa sasa nimemwambia, baba, nimekuona.

Nikanyamaza. Nikajibanza nyuma ya mgomba, nikasema atamaliza, atavaa, ataondoka.

Akaanza kumwaga mahindi.

Nilielewa mara moja, na nusura nilie. Juzi yake nilimwambia mama mkwe kuwa makombo yamepungua, shule zimefungwa na mama lishe hawapiki sana. Neno limefika. Mzee amekwenda ghalani kwake akatoa mahindi ya mwaka jana, yale yaliyotobolewa na dumuzi, amewaletea funza wangu. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu pale bila mimi kuomba.

Alikuwa anawasemesha. "Kuleni," anasema. "Kuleni, msiniaibishe."

Kisha upepo ukageuka, nikaisikia harufu.

Aliyewahi kulala nyumba moja na ghala la mahindi anaijua. Dawa. Ile ya unga mweupe wanayochanganya na mahindi ili wadudu wasiyaguse. Mikono ya mzee ilikuwa nyeupe hadi kwenye viwiko. Dawa ya kuua wadudu, na funza ni nini kama si mdudu.

Mdomo nikaufungua. Hewa nikaivuta. Sikukohoa.

Nimekaa na jambo hili miezi, na nimelitafutia majina mazuri. Nimeliita mila. Nimeliita heshima. Nimejiambia nilikuwa nahifadhi utu wa mzee. Ukweli ni kwamba niliona haya, tena haya zangu mwenyewe, na nikapiga hesabu kuwa akishaondoka nitayachota mahindi yale juu juu, funza wa chini watapona, na hakuna atakayejua lolote. Nilitaka kutoka pale bila gharama.

Lakini mzee hakuondoka.

Alinawa mikono kwenye ndoo, akavaa shati, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Akageuka kuelekea njiani. Njia ile inapita kwenye migomba, hapo hapo nilipo. Akasimama. Halafu akarudi, akakaa kwenye kigoda mlangoni, mgongo amenipa mimi.

Akakaa. Jua likapanda. Mbu na siafu wakanila. Yeye anatazama mlima wa mbele tu, mikono magotini, kama mtu anayesubiri gari. Nikawa namlaumu moyoni, mzee huyu hana kazi leo? Amekuja kuchunga funza? Na kila dakika iliyopita ikafanya kikohozi kiwe kigumu zaidi, maana sasa ningekohoa nini, baada ya saa nzima? Ningesema nilikuwa wapi?

Mwishowe akainuka. Hakufuata njia. Mguu wake mmoja ni mbovu, lakini alizunguka nyuma ya kibanda, akapanda tuta, akapita katikati ya mibuni huku anashikilia matawi asianguke. Nilishangaa. Sikuwaza zaidi.

Nikakimbilia madumu.

Alikuwa amechanganya vizuri kwa fimbo, hadi chini, kama mtu mwenye moyo. Funza walikuwa wanajinyonganyonga, wengine wamenyooka. Nikachota, nikamwaga, nikachota. Ni kama kutenganisha chumvi na mchuzi.

Simu yangu pale haishiki. Mtandao uko juu kilimani, dakika kumi na tano za kupanda. Nikakimbia.

"Witness, wametiliwa mahindi yenye dawa."

"Nani katia?"

"Wametiliwa tu. Nifanyeje?"

"Hakuna cha kufanya hapo, Nesta. Fukia vyote. Na kuku wasisogee. Umenielewa? Kuku hata mmoja asidonoe hapo. Umefunga mlango?"

Sikuwa nimefunga mlango.

Nilishuka ule mlima kwa makalio na kwa magoti. Kila siku saa sita Marta huchota ndoo ya funza kuwapelekea kuku wa mzee. Ni kazi yake, na ni mimi niliyempa ili Ombeni asiseme nawanyima ushirikiano. Nilipokuwa nakimbilia kilimani nilipita mlangoni kwake. Aliniuliza, "Mama Goodness, kuna nini?" Nikamjibu, "Hakuna."

Nilimkuta anarudi, ndoo tupu mkononi.

"Leo umewachanganyia na mahindi," akasema. "Wamefurahi kweli. Wamegombania."

Nilikaa chini pale pale kwenye matope.

Kuku wa kwanza alilala ubavu kabla Marta hajamaliza kuosha ndoo. Alirusha miguu, akatoa povu. Halafu wawili. Halafu walianza kuanguka kama watu waliosikia risasi. Hadi saa tisa, kati ya kuku arobaini na sita wa Mzee Enoka, walikuwa wamesimama watano, na kati ya hao watano mmoja alikuwa anazunguka duara.

Marta alilia. Alidhani ameua yeye. Nami, Mungu anaona, nilimwacha alie.

Ombeni alirudi saa kumi. Hakuzima hata pikipiki. Alitembea katikati ya mizoga akiwageuza kwa ncha ya kiatu.

"Nilisema," akasema. "Nilisema, mkaniona nina roho mbaya. Uchafu umelisha kuku, uchafu umeua kuku. Marta, nyamaza, hukufanya kitu. Huyu ndiye anajua amewapa nini."

"Shemeji, sijui kilichowapata," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Uongo wa kwanza ni mwepesi, ni wa pili unaokuja na mzigo.

Mama mkwe alirudi na kwaya jua likiwa bado liko juu ya mlima. Alivua viatu vya kanisani, akawatazama kuku, akavaa malapa, akaingia ndani bila kuuliza. Ombeni alikuwa amekwisha kumwita mwenyekiti wa kitongoji aje na daftari lake. Tukaketi uani. Mzee kwenye kiti chake upande wa wanaume. Mimi nyuma ya ukuta wa jiko, nimefunika kichwa, nasikia yote bila kuonekana, na mama mkwe amekaa kwenye pembe ya ukuta ili maneno yapite kwake.

Ombeni alisema yake. Funza ni wadudu wa maiti. Mke wa mtu asiyekuwapo amegeuza kibanda cha kahawa jalala. Kuku wamekufa. Baba alisema kuku wasiponenepa tuamue sisi. Sasa hawakukonda, wamekufa, tunangoja nini? Kesho abebe vitu vyake arudi kwao Momba.

"Na mtoto?" mama mkwe akauliza.

"Mtoto ni wetu. Anabaki."

Hapo ndipo nilipojua kwamba si kibanda tu. Goodness ana miaka sita. Alikuwa ndani anaandika herufi za shuleni, anajisomea kwa sauti.

Mama mkwe akainamisha kichwa kwangu. "Mwanangu, sema. Uliwapa nini?"

"Makombo tu, mama. Kama siku zote."

Akapeleka neno. Mwenyekiti akaandika.

Kisha Mzee Enoka akasafisha koo lake. Yeye si mtu wa kusema mapema kikaoni, husubiri wengine wamalize pumzi.

"Msimsumbue," akasema. "Mahindi niliweka mimi."

Marta akaacha kuvuta kamasi.

"Yalikuwa ya mwaka jana," akaendelea. "Niliyachekecha mara mbili dawa itoke. Niliona imetoka. Nikasema nimsaidie, makombo yamekuwa haba. Kuku ni wangu, mahindi ni yangu, mkono ni wangu. Andika hivyo, mwenyekiti."

Mngeniona nyuma ya ule ukuta. Nilipata nafuu. Hilo nalo naliungama: kabla ya kumwonea huruma, nilipata nafuu.

Ombeni hakupandisha sauti. Aliishusha, na akisema taratibu ndipo anapotisha.

"Baba, ulitia dawa yale mahindi mwenyewe, tena mara tatu, nilikuona. Ukawapelekea wadudu. Mwezi uliopita ulikwenda kuchota maji ukarudi bila ndoo. Mwenyekiti, hili ndilo nililokuwa nakwambia. Mzee amechoka. Si kosa lake, ni umri. Lakini shamba la kahawa na mambo ya nyumba hii hayawezi kuendelea kuamuliwa na mtu ambaye hajui dawa inaua wadudu."

"Najua dawa inaua wadudu," mzee akasema.

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu mwenye kazi alikuwapo."

"Alikuwa kwenye migomba," mzee akasema. "Sikujua nilipofika, ningejua nisingevua shati. Nilipotaka kuondoka ndipo nikaiona kanga yake. Nikasema, kumbe ameona kazi yote tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyefundishwa mambo ya funza, mimi sikufundishwa. Kama kungekuwa na ubaya angekohoa. Nikakaa nimsubiri akohoe ili nipate ruhusa ya kupita. Nimekaa saa nzima. Hakukohoa. Nikajua mahindi ni mazuri, ila mama wa watu anaona haya kwa sababu ya lile shati. Nikazunguka nyuma kumwondolea aibu."

Ombeni akacheka kidogo, puani. "Baba, unasikia unavyosema? Mtu akae kwenye migomba saa nzima anaangalia funza wake wanauawa? Yupo mtu wa hivyo?"

Kwa kweli swali lilikuwa zuri.

"Mama, muulize," Ombeni akasema. "Muulize kama alikuwapo. Akisema alikuwapo, mimi naomba radhi mbele ya kikao, na baba ana akili zake. Na yeye atatueleza kwa nini alinyamaza, na Marta akachota, na kuku wakafa. Akisema hakuwapo, basi baba ameona kanga isiyokuwapo. Mambo ni mawili tu."

Mama mkwe akanigeukia. Kabla hajaniuliza, mzee akanyanyua mkono.

"Acha," akasema. "Nitamuuliza mwenyewe."

Nikasikia kiti kinalia. Nikasikia ule mguu mbovu unaburuzwa juu ya udongo, hatua baada ya hatua, unakuja upande wa wanawake. Mwenyekiti alisema, "Mzee, mzee," kwa sauti ndogo, asiendelee. Kivuli chake kikafika kwenye pembe ya ukuta, kisha yeye mwenyewe.

Nilitazama chini. Nikaona vidole vyake vya miguu, na unga mweupe bado uko kwenye kucha.

"Nesta," akasema.

Miaka tisa. Sikujua kama analijua.

"Mwanangu, sikulaumu. Kuku watakuja wengine. Niambie tu mbele ya hawa. Ulikuwapo kwenye migomba?"

Nikanyanyua macho, na hiyo nayo ilikuwa mara ya kwanza. Ana macho ya Gasper. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ana macho ya Gasper.

Nilijua jibu moja linamrudishia akili zake mbele ya mwanawe, nami linanitoa pale bila mtoto. Jibu la pili linanibakisha labda, kama mtu ambaye hakukosea lolote, na yeye linamzika mzima. Nilitaka sana kuwa mtu wa jibu la kwanza. Goodness mle ndani alikuwa amefika herufi ya mwisho, akaanza upya.

"Sikuwapo, baba," nikasema.

Hilo ndilo neno langu la kwanza kwake tangu niolewe.

Hakubisha. Alinitazama kidogo, kama anayemhurumia mtu aliyejikata, akatikisa kichwa polepole, akageuka kuwatazama wanaume.

"Basi nitakuwa niliona vibaya," akasema.

Akatafuta kiti chake kwa mkono kabla ya kukaa, akakikosa, Marta akamsogezea. Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa kanga. Yeye aliondoka asubuhi ile akiniona naelekea kwenye migomba kuzoa maganda, hata nikampungia mkono.

Ombeni akamgusa mwenyekiti begani.

"Daftari," akasema. "Liandike neno la shemeji kama lilivyo, halafu aje hapa mbele alitie dole gumba."